Njia Ndefu ya Kufika Kwakoa

Tanzania ina Mwanga zaidi ya moja. Iko ile ya Kilimanjaro, mji wa makao makuu ya wilaya, ambao abiria wa basi litokalo Dar es Salaam huufikia baada ya kuiacha Same, milima ya Upare ikiwa upande wake wa kulia. Nyingine iko Kigoma Ujiji, ambako Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini ni kata za mjini. Jina la Same nalo lina kazi mbili: ni mji, na ni wilaya inayouzunguka mji huo. Karani anayepokea fomu iliyoandikwa "Mwanga" bila neno jingine hana la kufanya ila kubahatisha, na barua nyingi zimezunguka nchi kwa sababu ya karani aliyebahatisha.

Dawa yake inajulikana na kila aliyewahi kujaza fomu ya serikali: panga ngazi. Mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Kwakoa, kata ya tambarare chini ya milima ya Upare, ikiandikwa kwa mpangilio huo na ngazi zake kutenganishwa kwa mkwaju, inakuwa Kilimanjaro/Mwanga/Kwakoa. Hapo hakuna tena wa kuuliza ni Mwanga ipi. Faili ndani ya kompyuta hutambulishwa kwa utaratibu uleule, folda ndani ya folda nyingine, mpaka jina la faili lenyewe. Watu wa kompyuta huuita mfuatano huo njia ya faili.

Jambo hili linaonekana dogo mno kuandikiwa makala. Hata hivyo, mwaka 2016 ilibainika kwamba kipande kifupi cha msimbo, ambacho kazi yake pekee ilikuwa kuunganisha majina ya folda ili ipatikane njia kamili, kingeweza kumpa mtu wa mbali mwanya wa kuendesha amri zake ndani ya seva asiyoimiliki. Kipande hicho kilikuwamo ndani ya Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo kwa sehemu kubwa ya programu zinazoendesha dunia ya leo, zikiwamo za hospitali za Afrika Mashariki. Waliokitibu walikifuta.

Ni vema kuanza na hizo za hospitali, kwa sababu ndani yake fumbo la njia linaonekana kwa macho.

Zahanati za Tanzania huandika kazi zake katika vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Takwimu za vitabu hivyo huingizwa katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania Bara iliieneza katika mikoa yake yote kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Ndani ya DHIS2 kila zahanati, kata, wilaya na mkoa ni kizio kimoja chenye kitambulisho cha herufi na tarakimu 11. Kila kizio kinamjua mzazi wake tu. Zahanati inajua iko chini ya kata gani. Haijui habari za mkoa.

Basi njia yake hupatikana kwa kupanda. Programu huishika zahanati, huuliza mzazi wake ni nani, huenda kwa mzazi huyo na kumuuliza vilevile, na kuendelea hivyo hadi ngazi ya taifa ambayo haina mzazi. Kisha mfuatano ule hugeuzwa ili wa juu aje mbele, vitambulisho vikaungwa kwa mikwaju, na kamba ndefu iliyopatikana ikahifadhiwa kwenye hifadhidata pembeni ya zahanati yenyewe. Anayeihifadhi ana sababu nzuri. Mganga mkuu wa mkoa akitaka jumla ya watoto waliochanjwa Kilimanjaro nzima, programu haina haja ya kupanda milima kwa kila zahanati. Inatafuta tu vizio vyote ambavyo njia zake zinaanza na kitambulisho cha taifa kikifuatwa na cha Kilimanjaro.

Mipaka, lakini, haikai mahali pamoja. Mwaka 1979 Wilaya ya Pare iligawanywa ikawa mbili, Same na Mwanga. Hakuna mtu wa Kwakoa aliyefunga mizigo, hakuna mbuzi aliyehamishwa, ila njia ya kuifikia kata kwenye karatasi za serikali ikabadilika siku hiyo. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe nao ulikatwa kutoka Mbeya. Katika programu inayohifadhi njia nzima kama maandishi, mgawanyo wa aina hiyo unamaanisha kuziandika upya njia za kila kilichomo chini ya eneo lililohama, kuanzia wilaya hadi zahanati ya mwisho kijijini. DHIS2 ina kazi ya matengenezo kwa ajili hiyo hasa: msimamizi anaagiza njia zote zijengwe upya. Asipofanya hivyo pale inapohitajika, taarifa zitakuwa na ndimi mbili. Mzazi atasema Songwe, njia itasema Mbeya, na ripoti itamwamini yule ambaye mwandishi wa programu aliamua kumsikiliza.

Mumo humo mna kinga ndogo ambayo mtu anaweza kuipita bila kuiona. Wakati wa kupanda, msimbo wa DHIS2 huandika pembeni kila kizio ulichokwisha kukipitia. Ukikutana nacho mara ya pili, unasimama. Hatari iliyofikiriwa ni mtu kukosea kwenye fomu na kuifanya wilaya kuwa mtoto wa kata yake. Bila kinga hiyo programu ingepanda kutoka Kwakoa hadi Mwanga, kutoka Mwanga hadi Kwakoa, ikizunguka mpaka seva ikaishiwa pumzi.

Msimbo huo wenyewe nao ni faili, na faili hilo lina njia:

dhis-2/dhis-api/src/main/java/org/hisp/dhis/organisationunit/OrganisationUnit.java

Ni folda tisa na herufi 82 kabla mtu hajasoma mstari mmoja wa programu. Waandishi wa lugha ya Java wamezoea. Lugha hiyo ina desturi ya kuyageuza majina ya vifurushi kuwa folda, na matokeo yake ni njia ndefu kuliko utenzi. Faili hilo lina historia pia: nani aliubadilisha mstari upi, lini, kwa sababu gani. Historia hiyo ndiyo kazi ya programu za kutunza matoleo.

Programu hizo zina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza iliyojulikana sana, SCCS, iliandikwa na Marc Rochkind wa Bell Labs mwaka 1972. Walter Tichy akaleta RCS mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zote mbili zilitunza faili moja moja, kila moja na daftari lake, hivyo suala la njia halikuzisumbua. CVS ya Dick Grune ilipokuja mwaka 1986, kisha Subversion iliyoanzishwa na kampuni ya CollabNet mwaka 2000, ndipo mradi mzima na folda zake ukaanza kutunzwa kwa pamoja. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao Eldoret nchini Kenya ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo kabisa, ulikaa Subversion kwa miaka kabla ya kuhamia Git. DHIS2 nayo ilitokea Bazaar, programu nyingine ya aina hiyo. Wengi walihamia Git.

Git ilizaliwa Aprili 2005, baada ya wajenzi wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure programu ya BitKeeper. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika toleo la kwanza kwa siku chache tu, na uamuzi mmoja alioufanya siku hizo unahusu habari hii moja kwa moja. Ndani ya Git, folda huhifadhiwa kama orodha ya majina ya ngazi moja tu. Orodha ya Mwanga ingetaja Kwakoa na kata nyingine, na pembeni ya kila jina namba ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Orodha ya Kwakoa haitaji Mwanga popote. Haijui hata kwamba yenyewe inaitwa Kwakoa, kwa sababu jina hilo limeandikwa kwa mzazi.

Uzuri wake unaonekana siku ya kuhama. Kama taarifa za Upare zingetunzwa kwenye Git mwaka 1979, folda ya Kwakoa ingetolewa chini ya Pare na kuwekwa chini ya Mwanga bila namba yake ya utambulisho kubadilika hata tarakimu moja. Orodha za juu yake tu ndizo zingeandikwa upya. Git wala haiweki kumbukumbu kwamba kitu kimehamishwa. Inalinganisha yaliyokuwapo na yaliyopo, ikikuta faili lilelile mahali papya inakata shauri kuwa limehama. Faili likiwa limebadilishwa kidogo wakati wa kuhama, kipimo cha kawaida ni kufanana kwa asilimia 50.

Ubaya ni kwamba njia nzima haipo mahali popote. Anayetaka kumwonyesha mtumiaji Kilimanjaro/Mwanga/Kwakoa/zahanati.csv lazima aijenge, kipande kwa kipande, wakati anashuka kutoka folda ya juu. Na Git hushuka mara nyingi sana. Kila mtu anapochukua nakala ya mradi kutoka kwenye seva, seva hulazimika kupitia folda na kuorodhesha kilichomo, ikipatanisha kila kitu na jina lake.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa muundo ulioitwa name_path. Ulikuwa mnyororo: kila kipande cha njia kilibeba jina lake na kiungo cha kumrudia aliye juu yake, kama vile zahanati ya DHIS2 inavyomjua mzazi wake tu. Msimbo ulipofika kwenye faili, uliita kitendo kilichoitwa path_name, ambacho kilipanda mnyororo huo hatua kwa hatua na kurudisha njia kamili kama maandishi.

Kitendo hicho kilifanya mambo mawili. Kwanza kilijumlisha urefu wa vipande vyote ili kijue kiombe nafasi kiasi gani kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kisha kilinakili vipande ndani ya nafasi hiyo. Jumla ilitunzwa katika namba ya aina ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Nani ana njia ya faili yenye herufi bilioni mbili? Hakuna mtu mwema aliye nayo. Lakini programu inayopokea kazi za watu kupitia mtandao haiwezi kudhani kwamba kila anayebisha hodi ni mtu mwema. Mtu anaweza kutengeneza kwa makusudi orodha yenye jina refu la kupindukia, au folda ndani ya folda kwa wingi usio na maana, na kwa kuwa Git hubana vitu vyake kabla ya kuvihifadhi, jina lenye herufi moja inayojirudia linabanwa likawa kitu kidogo cha kutuma. Jumla ikivuka kikomo hurukia upande wa hasi au kuangukia kwenye namba ndogo. Programu inaomba nafasi ndogo, halafu inanakili vipande vikubwa. Kinachomwagika nje ya nafasi hiyo kinafunika sehemu nyingine za kumbukumbu, na mtu mjuzi anaweza kukichagua kinachomwagika.

Laël Cellier ndiye aliyetoa taarifa ya kasoro hiyo, ambayo ilipewa namba mbili katika rejista ya kimataifa ya udhaifu wa programu, CVE-2016-2315 na CVE-2016-2324. Kiraka kilitoka Machi 2016 katika toleo la 2.7.4, na matoleo ya nyuma yakapata vyake: 2.4.11, 2.5.5 na 2.6.6.

Kilichomo ndani ya kiraka hicho ndicho kinachofaa kusimuliwa. Jeff King, mmoja wa waandishi wakongwe wa Git, angeweza kuongeza ukaguzi wa jumla pale inapokokotolewa na kuishia hapo. Alianza kwa kuuliza ni nani hasa anauhitaji mnyororo ule. Majibu yalikuwa ya kuchekesha kidogo. Sehemu moja ya programu, inayosukuma kazi kwenda kwenye seva kupitia wavuti, ilikuwa ikijenga njia tangu mwaka 2006 bila kuzitumia kwa jambo lolote. Miaka kumi ya kubeba mzigo usio na mwenyewe. Kwingineko mnyororo ulitengenezwa mahali pamoja, ukageuzwa kuwa maandishi mahali pamoja, na wote waliobaki kati waliupokea na kuupitisha mbele tu, kama watu wanaopitishiana ndoo wasiyoinywa.

Kisha lililo kubwa zaidi. Kitendo kilekile kilichotengeneza mnyororo wakati wa kushuka kwenye folda kilikuwa tayari kimeshika njia nzima kama maandishi, kwa sababu kiliihitaji kwa shughuli nyingine: kuamua kama folda fulani inamhusu mtumiaji aliyeomba sehemu tu ya mradi. Programu ilikuwa na daftari mbili za habari moja, zikiandikwa sambamba, mstari kwa mstari. Moja ilikuwa salama kwa sababu ilitumia bafa, nafasi ya maandishi kwenye kumbukumbu inayojua urefu wake na kujipanua yenyewe kwa uangalifu. Nyingine ndiyo iliyokuwa na tundu.

King aliitupa ile ya pili. Mabadiliko yaliletwa kwa hatua ndogo ndogo ambazo kila moja ingeweza kukaguliwa peke yake: kwanza mtumiaji hewa akaondolewa, halafu mnyororo ukabadilishwa kuwa bafa, halafu muundo wa name_path ukafutwa kabisa, na mwisho kitendo cha path_name kikaufuata. Baada ya hapo kazi inakwenda hivi. Programu inashuka ikiwa na bafa moja mkononi. Ikiingia Kilimanjaro, bafa inasomeka "Kilimanjaro/". Ikiingia Mwanga inakuwa "Kilimanjaro/Mwanga/", na Kwakoa ikaongezwa mbele yake. Ikikuta faili, inabandika jina la faili mwishoni, inaitoa njia nzima kwa yeyote anayeihitaji, kisha inakata lile jina na bafa inarudi ilivyokuwa. Hakuna nakala mpya inayotengenezwa kwa kila faili, hakuna jumla inayopigwa upya, hakuna wa kupanda mnyororo. Msimbo umepungua na kasi imeongezeka kidogo, jambo ambalo si kawaida kwa marekebisho ya usalama.

Mtu anaweza kusema King alibahatika kukuta daftari lililo salama tayari lipo. Ni kweli. Lakini daftari hilo lilikuwa wazi kwa kila aliyesoma faili hilo kabla yake, na waandishi wa Git si watu wavivu wa kusoma.

Hadithi ya Git haikuwa ya kwanza. Subversion ilipitia yake miaka mitano kabla, na ya kwake ilikuwa ya namna nyingine. Humo familia moja ya vitendo ilibebeshwa kila kitu kinachofanana na njia: mahali pa faili kwenye diski ya mtumiaji, anwani ya wavuti ya seva, na njia ya ndani ya ghala la matoleo. Vitu hivyo vitatu vyote vina mikwaju, ila sheria zake ni mbalimbali. Diski ya Windows ina herufi ya kiendeshi na nukta pacha mbele. Anwani ya wavuti huigeuza nafasi kati ya maneno kuwa %20. Njia ya ndani ya ghala haina kimojawapo. Waandishi walipoandaa toleo la 1.7, lililotoka Oktoba 2011, waliigawa familia hiyo, kila aina ya njia ikapata vitendo vyake vyenye jina lake. Idadi ya vitendo iliongezeka. Kurahisisha msimbo mara nyingine humaanisha kuwa na vitendo vingi vinavyojua kazi yake, badala ya vichache vinavyokisia.

Toleo hilohilo liliondoa kero nyingine iliyowachosha watumiaji kwa miaka. Zamani Subversion iliweka folda iliyofichwa ya .svn ndani ya kila folda ya mradi. Mtu akinakili folda moja kwenda mradi mwingine, aliibeba na njia ya kule ilikotoka bila kujua. Kuanzia 1.7 ilibaki folda moja tu ya .svn, kileleni.

Windows imetajwa, na haiwezi kuepukwa, kwa kuwa ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinaitumia ilhali seva zao ni za Linux. Toleo la kwanza la MS-DOS, mwaka 1981, halikuwa na folda. Zilipoletwa mwaka 1983 katika toleo la 2.0, mkwaju wa kawaida ulikuwa umeshachukuliwa kama alama ya kuanzishia maagizo ya ziada ya amri, hivyo njia zikapewa mkwaju wa kinyume. Kompyuta za Macintosh za zamani zilitumia nukta pacha. Git iliamua kwamba ndani yake mkwaju ni mmoja, ule wa Unix, na tafsiri ifanyike mlangoni tu, faili linapoandikwa kwenye diski au kusomwa.

Tafsiri hiyo ina mitego mingi. Windows kwa desturi yake ya zamani huweka kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima. Weka faili la DHIS2 ndani ya folda ya mtu mwenye jina refu, ndani ya folda ya nyaraka zake, ndani ya folda ya mwaka wa fedha, na kikomo kinaanza kukaribia. Toleo la Git la Windows lina mpangilio wa core.longpaths kwa sababu hiyo. Yako pia majina yaliyopigwa marufuku tangu enzi za DOS, kama CON, NUL, PRN na AUX, hata yakifuatiwa na nukta na viambishi. Msimbo wa Linux una faili linaloitwa aux.c, na mwenye Windows anayeuchukua mradi huo hukutana nalo.

Mtego unaonasa watu wengi zaidi ni wa herufi kubwa na ndogo. Mwanafunzi anajenga tovuti ya shule ya sekondari kwenye kompyuta yake ya Windows, anaipa picha jina la Shule.JPG, na kwenye ukurasa anaandika shule.jpg. Kwake inaonekana vizuri. Akiipeleka kwenye seva ya Linux picha inatoweka, kwa kuwa huko hayo ni majina mawili tofauti. Kinyume chake pia kipo. Mradi wa Linux una faili za xt_TCPMSS.c na xt_tcpmss.c katika folda moja, na Windows inaweza kushika moja tu kati yake. Tangu toleo la 2.20 la Desemba 2018, Git humwonya anayechukua nakala kwamba njia fulani zimegongana. Kabla ya hapo ilinyamaza.

Mercurial, programu nyingine ya kutunza matoleo iliyoanzishwa na Olivia Mackall Aprili hiyohiyo ya 2005, ilichagua dawa kali zaidi kwa ghala lake la ndani. Kila herufi kubwa huandikwa kama mstari wa chini ukifuatwa na herufi ndogo, na mstari wa chini wenyewe huandikwa mara mbili. Same inakuwa _same, Mkoa_Kilimanjaro inakuwa _mkoa___kilimanjaro, na aux inageuzwa kuwa au~78. Hayapendezi kusoma, lakini hakuna diski inayoweza kuyachanganya. Na ni watu hao wa Mercurial, kwa kuishi sana na matatizo ya aina hii, waliogundua mwaka 2014 tundu lililoigusa Git pia. Git hukataa mradi wowote wenye folda inayoitwa .git ndani yake, kwa sababu humo ndimo inamotunza mipangilio yake. Ila ukaguzi huo ulitazama herufi ndogo. Mtu akitengeneza mradi wenye .Git au .GIT, ukaguzi uliupitisha, na diski ya Windows au Mac ikaandika yaliyomo juu ya mipangilio halisi ya mtumiaji. Kiraka kilitoka Desemba 2014 katika toleo la 2.2.1, na kilibidi kufunika pia jina fupi la git~1 ambalo Windows hulitengeneza yenyewe pasipo kuombwa.

Wanaoandika kwa Kiswahili wameepushwa na sehemu moja ya balaa hili. Herufi zenye alama juu, kama zile za Kifaransa, zinaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili, na kompyuta za Mac zilizigeuza kimyakimya kiasi kwamba Git ilibidi iongezewe mpangilio maalumu mwaka 2012. Kiswahili hakina alama hizo. Kina ng'.

Mfugaji wa tambarare za Mwanga hana habari, lakini ng'ombe wake ni mtihani kwa kompyuta. Ile alama ya juu, kwenye dirisha la amri, ni mwanzo wa nukuu. Afisa akiandika amri yenye mifugo/ng'ombe.csv bila kuizingira, kompyuta inakaa ikisubiri nukuu ifungwe, haitoi kosa wala jibu. Baya zaidi, simu na programu za kuandikia barua hupenda kubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni ng'ombe yuleyule. Kwa kompyuta ni majina mawili, na folda moja inaweza kuwa nayo yote. Git, kwa mpangilio wake wa kawaida, humwonyesha mtumiaji jina lenye alama iliyopinda hivi: "mifugo/ng\342\200\231ombe.csv". Zile ni baiti tatu za alama hiyo zilizoandikwa kwa namba za msingi wa nane. Mtumiaji anaweza kuzima mpangilio huo, unaoitwa core.quotepath, na akamwona ng'ombe wake kama alivyomwandika.

Programu zinazosoma orodha za Git zina njia yao. Amri kadhaa za Git zinakubali chaguo la -z, na likiwekwa, kila njia hutolewa jinsi ilivyo, bila nukuu na bila tarakimu, ikimalizikia kwa baiti ya sufuri. Baiti hiyo ilichaguliwa kwa sababu Unix hairuhusu iwemo ndani ya jina la faili. Nafasi inaruhusiwa, alama ya juu inaruhusiwa, hata mstari mpya unaruhusiwa. Anayesoma hana cha kuunganisha wala kukisia. Anasoma mpaka sufuri, anaipokea njia nzima, anaendelea na inayofuata.